Ushahidi wa Theluji

Ndugu msomaji, pengine umepata kuulizwa swali hili: tendo ambalo hakuna mtu aliyeliona, na ambalo madhara yake ni madogo mno, laweza kweli kuitwa dhambi? Wapo wasemao kwamba kilichopotelea hewani kimekwisha.

Hebu tuutazame mlima Monte Rosa, mpakani mwa Uswisi na Italia. Huko juu, zaidi ya mita 4,400, theluji ya kila mwaka huilalia ile ya mwaka uliotangulia na kugandamana kuwa barafu. Mwaka 2013 wataalamu waliitoboa barafu hiyo wakatoa nguzo yake, ili kupima madini ya risasi yaliyoletwa na upepo kutoka migodi na matanuri ya mbali. Kazi ya namna hii yahitaji usafi mkubwa, maana risasi iliyo mkononi mwa mpimaji yaweza kuzidi iliyo ndani ya theluji. (Nasi tunapenda kupima uchafu wa wengine bila hata kunawa!)

Ikaonekana kwamba katika miaka 1349 hadi 1353, tauni ilipoua watu wengi Ulaya na migodi ikanyamaza, risasi ilikaribia kutoweka katika barafu. Kabla na baada ya hapo ilikuwamo. Mchimbaji wa zama zile hakujua kwamba mlima asioukanyaga ulikuwa ukimwekea hesabu. Mwenye kuisoma Sura Az-Zilzal ya Kurani Tukufu hatastaajabu kusikia kwamba ardhi ni shahidi.

Lakini shahidi huyu ana upungufu. Theluji hujua kiasi, haijui nia. Maskini aliyeyeyusha madini apate chakula cha watoto wake, ameandikwa humo sawasawa na wafanyabiashara wa Marekani ambao mwaka 1924 waliona wafanyakazi wakirukwa na akili na kufa kwa dawa ya risasi ya kutiwa katika petroli, kisha, baada ya kusita kidogo, wakaendelea kuiuza. Petroli ya magari yenye sumu hiyo ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021 tu, huko Algeria. Ni nani atakayewatenganisha watu hawa, isipokuwa Yule ajuaye yaliyomo vifuani?

Na swali hili si la Wazungu peke yao. Anayeyeyusha betri kuukuu za magari uani, karibu na watoto wa jirani, naye ameshaambiwa kwamba moshi ule ni sumu, hawezi tena kujitetea kwa kutojua kwa yule mchimbaji wa kale.