Uongo Njoo

Msimulizi wa zamani alikuwa na adabu moja ambayo siku hizi tunaisahau. Kabla hajaanza aliwabishia hodi wasikilizaji: "Hadithi, hadithi!" Nao wakamjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ukilitazama vizuri, jibu hilo ni mkataba. Wasikilizaji wanauita uongo kwa jina lake na kuukaribisha ndani, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Sungura atamlaghai fisi usiku kucha, na hakuna mtoto atakayeamka kesho akilalamika kwamba amelaghaiwa yeye.

Nimekuwa nikiufikiria mkataba huo tangu Agosti. Tulisafiri wanafunzi watano wa shahada ya uzamili kutoka Dar es Salaam, tukapanga siku moja: asubuhi Mapango ya Amboni, alasiri Pongwe kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye jirani zake ni wagema. Swali lililonishika ni jepesi kulitamka. Mwongoza wageni anayekusimulia hekaya kana kwamba ni habari, bila "hadithi, hadithi", je, anadanganya? Na kama anadanganya, anamdhulumu nani?

Mapango yako Kiomoni, kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na mto Mkulumuzi. Ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari ya kale, kisha maji yakayala polepole kwa miaka isiyohesabika. Chokaa hiyohiyo huchimbwa Pongwe na kusagwa kuwa saruji, kwa hiyo huenda watu wengi wa Tanga wanalala ndani ya pango bila kujua.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa rika letu, mcheshi, anayejua wapi pa kuelekeza tochi. Alituonyesha mamba wa jiwe, meli ya jiwe, Bikira Maria wa jiwe. Alizima tochi tukasikia popo. Kisha akatuletea mbwa. Wazungu wawili, alisema, waliingia humu na mbwa wao wakitafuta mwisho wa pango. Wao hawakuonekana tena, ila mbwa aliibukia karibu na mlima Kilimanjaro. Njia nyingine, akaongeza, inatokea Mombasa. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliofanya kazi hapo mwaka 1994 walihesabu mapango kumi yanayojitegemea, refu kuliko yote likiwa na mita 900. Mbwa yule alikuwa na mamia ya kilomita za mwamba mbele yake.

Mwenzetu anayesoma falsafa alikasirika kwelikweli. Njiani kutoka alimtaja Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hupaswi kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Kama muuaji anastahili ukweli, alisema, vipi sisi tuliolipa kiingilio? Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Mbwa yule ndiye "hadithi, hadithi" yenyewe. Ukisikia mnyama ametembea chini ya ardhi kutoka Tanga hadi Kilimanjaro, umeshabishiwa hodi. Anayetaka kuamini anaamini kwa raha zake, na asiyetaka anacheka, na wote wawili wanatoka na miguu yao mizima.

Osale Otango si mwepesi hivyo. Miaka ya 1950 yeye na mwenzake Paulo Hamisi walijificha mapangoni wakisakwa na serikali ya kikoloni, na simulizi inayopendwa ni kwamba waliwaibia matajiri wakawagawia maskini. Dada mmoja katika kundi letu aliuliza walioibiwa walikuwa kina nani. Mwongozaji alicheka, akatuambia tuinamishe vichwa, dari ni fupi. Labda waligawa kweli. Lakini nimeona kwamba habari za jambazi mwema hazipokewi sawa na mtu ambaye babu yake alivunjiwa mlango, na huyo hayumo kwenye ziara.

Halafu tukafika kwenye mzimu, wanaouita Mzimu wa Mabavu. Palikuwa na vitambaa, chupa za marashi, sarafu, majivu ya ubani. Palikuwa pia na mwanamke amejitanda kanga, amechutama, ametupa mgongo. Mmoja wetu aliinua simu. Mwongozaji aliiweka mkono juu yake taratibu: "Hapo hapana, kaka." Nilimheshimu kwa hilo. Kisha akatusogeza pembeni na kusema kwa sauti ya chini, ambayo nadhani mwanamke aliisikia vilevile: "Wengi huja kuomba watoto. Na wengi wamepata."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana mama yangu alizaliwa baada ya bibi kupelekwa Mabavu. Kwetu jambo hilo husemwa kama linavyosemwa jambo la mwaka wa mvua nyingi, bila majivuno na bila aibu, ingawa mjomba, mtu wa msikitini, huinuka na kuondoka likitajwa. Sikuweza kuliweka kapu moja na mbwa. Habari ya mbwa haimwombi mtu chochote. Hii inamwomba mtu nauli, ubani, na mwaka mzima wa kuhesabu siku.

Pongwe tulifika jua likianza kupungua. Wenzangu walitaka kuonja pombe ya kwetu. Mvinyo wa zabibu ni mambo ya Dodoma, sisi pwani tuna mnazi. (Mimi situmii. Nilipewa dafu.) Mgema aliwaeleza kazi yake akiwa bado na kotama kiunoni: hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara nyembamba kama ukucha, hufunga kitoma na kuuachia mti udondoke. Utomvu hushuka mtamu, ila huanza kuchacha mara moja, na kwa jioni umeshakuwa mkali. Karara linalogemwa halitazaa nazi, kwa hiyo kila mti ni uamuzi. Mtu wa falsafa aliuliza kwa utani kama kweli mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema hakuona utani. Alisema wanywaji wake ni walewale kila siku, na ulimi wa mnywaji unajua. Akitia maji leo, kesho wanahamia kwa mwenzake.

Nadhani tofauti ni hiyo zaidi ya uchungu wa dhamiri. Wageni wa mapangoni hawarudi kesho. Hakuna ulimi wa kuonja kilichopungua, na kilichopungua katika "wengi wamepata" ni nusu nzima ya kitoma. Mwongozaji hakusema neno moja la uongo pale kwenye mzimu, na nina hakika anaamini alichosema. Wapo waliopata, mmoja ndiye aliyekuwa akichuja tui nyuma ya nyumba wakati sisi tunajadiliana. Kant asingekuwa na la kumkamatia. Mimi ninalo: alikuwa mkweli kwenye sehemu inayopendeza tu, mbele ya mtu pekee aliyekuwa na cha kupoteza.

Wenzangu walimsalimu bibi shikamoo, wakala, wakanyamaza kidogo, kisha dada yule wa swali la Osale akauliza kwa adabu kama ni kweli mzimu unatoa watoto.

"Mwanangu," bibi akasema, "tulikwenda watatu. Siku moja, ubani mmoja, tumechangia. Mimi nikapata huyu mama yake." Alinielekezea kidole bila kunitazama.

"Na wenzako, bibi?"

"Mmoja aliachwa mwaka uleule. Alihamia Muheza, Mungu amrehemu. Mwingine nyumba yake ile pale, yenye mwembe. Mama yako alipozaliwa alikuja na kanga mpya, akambeba, akamrudisha. Hajawahi kuniuliza kitu. Nami sijui ningemwambia nini."

Akaniagiza nimpelekee yule jirani bakuli la wali kabla halijapoa.