Filta Asiyoiona Mwenye Trekta

 

Ndugu zangu, leo nina maneno na watu wa spana. Hapa Diani na Ukunda wengi wenu riziki yenu imo kwenye nyasi za watu: bustani za hoteli, majumba ya wageni, uwanja wa gofu. Kuna wanaoendesha yale matrekta madogo ya kukatia nyasi, na kuna mafundi wanaoitwa kuyahudumia. Wazee wangu na wafanyabiashara mnivumilie, fungu lenu linakuja.

Matrekta hayo, mengi yao, hayana klachi wala gia za kubadilisha kwa mkono. Unakanyaga pedali linakwenda, unakanyaga upande wa pili linarudi. Kinachosukuma magurudumu ni oili yenyewe. Injini inazungusha pampu, pampu inaibana oili, oili inazungusha mota, na mota inapeleka nguvu kwenye ekseli. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha vyuma na kuvipooza. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na tundu lake ni nyembamba kuliko unywele, na huku kwetu pwani mchanga hauna mlango usioujua. Kazi ya kuuzuia imepewa filta, kikopo kilichojificha chini ya kiti na bodi, pahali ambapo mwenye trekta hainami kutazama mwaka mzima.

Kampuni zinazotengeneza mitambo hii zimeandika muda wa kubadilisha. Hydro-Gear ya Marekani, kwa mitambo yake kadhaa yenye filta ya nje, inataka oili na filta vibadilishwe mara ya kwanza baada ya saa 75 hadi 100 za kazi, kisha kila saa 400. Ile mara ya kwanza imewekwa mapema kwa sababu vyuma vipya vikisuguana vinatoa unga, na unga huo haufai kuachwa uzunguke humo.

Sasa hapa ndipo penye mtihani. Tajiri anaona mita ya saa na anaona risiti. Ndani haoni. Fundi akiifuta filta kuukuu kwa petroli ikang'aa, akaongeza oili kidogo juu ya ile ya zamani, akaandika kuwa amebadilisha vyote, nani atajua? Trekta litawaka na litakata nyasi siku hiyo na wiki ijayo. Mtambo huu haufi papo hapo. Dalili zake huja polepole: asubuhi linapanda kilima vizuri, saa nane mchana oili ikishapata moto linasimama katikati ya mteremko na kuguna. Wakati huo fundi ameshakula pesa zake zamani. Anayeitwa ofisini ni kijana wa bustani. Ataambiwa analikimbiza trekta, kwamba hajui kuendesha, na mshahara wake utakatwa. Basi wewe uliyedhani umempunja tajiri mwenye hoteli, umekula chakula cha watoto wa jirani yako, na huenda ndiye aliyekaa ubavuni mwako sasa hivi.

Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea katika Sahih Muslim kisa cha Mtume Muhammad, swalallahu alayhi wasallam, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na maji. Mwenye lundo akajitetea kwa mvua. Mtume akamhoji kwa nini asiiweke iliyorowa juu watu waione, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si pamoja naye. Tazameni alichofanya: hakutosheka na juu. Na yule muuzaji hakuwa amemdanganya mtu kwa ulimi hata mara moja. Alinyamaza tu, akaiacha iliyokauka izungumze kwa niaba yake. Filta iliyofutwa ikang'aa nayo inazungumza namna hiyohiyo.

Na msije mkasema kazi ya mikono ni ndogo mno kuhesabiwa. Nabii Daudi, alayhi salaam, alikuwa mfua chuma. Katika Surat Sabai Allah anatueleza kuwa alimlainishia chuma na akamwamuru atengeneze deraya, tena apime sawasawa uunganishaji wa vikuku vyake. Nabii na mfalme, na bado anaagizwa vipimo! Kikuku kimoja kikilegea, ni askari atakayeingiwa na mkuki kifuani, si aliyekifua.

Kwa hiyo, fundi, pima. Liendeshe trekta dakika chache kwanza ili oili ipate vuguvugu na ibebe uchafu wake. Lisimamishe mahali pa usawa, zima, toa ufunguo. Kabla hujafungua chochote, safisha vumbi na nyasi kandokando ya filta na kifuniko cha kujazia, maana wengi huingiza mchanga siku ileile ya kubadilisha. Oili inayotoka itazame. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyometa si vya kawaida, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji. Ukiona hayo mwambie mwenye mali, hata kama atakasirika. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata pale juu. Mpira wa filta mpya upake oili safi na uikaze kwa mkono kadiri ilivyoandikwa. Filta ya gari inaweza kuingia kwenye nyuzi hizo na isiwe yake. Oili nayo ni ile iliyotajwa na kitabu: mtambo mmoja unataka 20W-50, mwingine una oili yake maalumu, na kuchanganya ni kubahatisha kwa mali ya mtu.

Halafu kuna hatua inayorukwa na wenye haraka, kutoa hewa. Magurudumu ya nyuma yainuliwe kwa jeki na stendi imara. Ule mkono mdogo unaofunguliwa ili kulisukuma trekta lililozimwa ufunguliwe, injini iwe taratibu, pedali iende mbele na nyuma mara kadhaa. Kisha funga mkono, rudia, zima, pima oili tena kwa sababu itakuwa imeshuka. Hewa ikibaki ndani, mtambo utapiga kelele na kujila wenyewe.

Fungu la matajiri nalo ni hili. Wapo wanaomnyima fundi pesa za oili halisi, wanamwambia atafute ya bei ya chini, kisha mtambo ukifa wanamshika yeye. Na wapo wanaomzungusha fundi miezi kwa ujira wake, ilhali Mtume ameamuru mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mnataka uaminifu, lakini mnamweka mtu kwenye njaa na kumjaribu. Hiyo pia ni dhulma, tena nzito.

Imebaki oili chafu. Nimeona ikimwagwa nyuma ya gereji, ikafunikwa kwa udongo kidogo, basi. Ardhi yetu hapa ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayokunywa yanatoka chini yake, kwenye visima vyetu na vya Tiwi. Wakala wa mazingira wa Marekani umeandika kuwa galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Mtume alionya dhidi ya kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Kinyesi huoza kikaisha. Oili hii tutawaachia wajukuu. Iwekeni kwenye madumu yenye vifuniko, wapo wanaoikusanya kwa kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Filta kuukuu itobolewe juu, iinamishwe ichuruzike mpaka kesho yake. Najua oili chafu tunaipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Basi isiwe nguzo ya karibu na kisima.

Na swali ambalo vijana wananiuliza kila Ijumaa: oili si najisi, haivunji udhu wala haichafui swala. Lakini grisi iliyoganda kwenye kucha na mikunjo ya vidole inazuia maji kufika kwenye ngozi, na udhu hautimii mpaka itoke. Sabuni ya unga ipo pale bombani. Adhana bado dakika chache. Aliyetoka kazini moja kwa moja ainuke sasa akasugue.