Bei ya Jana

Mwaka jana nilimtengenezea jamaa mmoja wa Luthuli Avenue tovuti ya kuuza simu. Ilikuwa inajivuta kama matatu mlimani, nikaamua kuweka kache ya vipande. Yaani seva haiundi ukurasa mzima upya kila mtu akiufungua. Menyu, picha, bei, kila kipande kinapikwa mara moja na kuwekwa kando; anayefuata anapakuliwa kilicho tayari. Tovuti ikapaa.

Shida ni kwamba kipande cha bei nilikipa uhai wa saa 12. Bei ikapanda asubuhi, na mchana mama mmoja akatoka Thika na pesa kamili za bei ya jana. Akauliza, "Sasa nani amenidanganya?"

Swali hilo halijaniacha. Bei ile ilikuwa kweli ilipoandikwa. Lakini ukurasa ulijionyesha kama wa leo, na mimi ndiye niliyejua una kipande kilicholala. Nilichagua kasi, yeye akalipa nauli.

Kuhifadhi si dhambi. Hata sisi hatuulizani habari upya kila dakika. Nembo ya duka ikikaa wiki nzima, hakuna anayeumia. Cha kujiuliza ni hiki: kipande kikichacha, nani anakula hasara?

Dawa ipo. Kwenye Ruby on Rails, ufunguo wa kipande unaweza kubeba wakati rekodi ilipobadilishwa mara ya mwisho. Rekodi ikibadilika, ufunguo nao unabadilika, na cha zamani hakisomwi tena. Ila lazima mtu aiguse rekodi. Usipoigusa, mfumo utaendelea kuamini ulichouambia mara ya mwisho.

Mamangu bado anawaambia watu wa kanisa niko mwaka wa nne. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kila mwezi ananitumia elfu mbili za hosteli na kuuliza, "Uko sawa, mwanangu?" Najibu, "Niko sawa, Mama." Na kweli niko sawa. Nimejitetea na sentensi hiyo miaka miwili, kana kwamba ukweli wa kipande kimoja unatosha ukurasa mzima.

Yule mama wa Thika nilimrudishia nauli kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Wangu bado analipa. Jumapili, akitoka kanisani, nitampigia. Sijui nitaanza na neno gani, lakini za hosteli za mwezi huu sijazigusa.