Kifungua Mimba Naye ni Mtoto

Filamu ya kutisha ya Kihispania, Verónica, iliyotoka mwaka 2017, imewakosesha wengi usingizi kwa sababu ya pepo lake. Mzazi anayeitazama atashtushwa zaidi na jiko la nyumba ile.

Mwongozaji Paco Plaza anatupeleka Vallecas, mtaa wa wafanyakazi jijini Madrid, Juni 1991. Verónica ana miaka 15. Baba amefariki. Mama, Ana, anafanya kazi baa hadi usiku mwingi, na mchana analala. Basi Verónica ndiye anayewaamsha wadogo zake watatu, anayewalisha, anayewapeleka shule na anayemwogesha Antoñito, kitinda mimba. Siku ya kupatwa kwa jua anashuka na wenzake chini ya jengo la shule, wanaweka ubao wa kuita mizimu. Anataka kuzungumza na baba yake.

Binti huyu alikuwa akitafuta mtu mzima wa kumsikiliza. Miongoni mwa walio hai hakumpata, akamtafuta kwa wafu.

Hapa Don Mills, Toronto, mambo hayo tunayaishi. Jioni basi namba 25 linapita Don Mills Road likiwa na akina mama na akina baba wanaokwenda zamu ya usiku, huyu makao ya wazee, yule ghalani. Katika maghorofa ya Flemingdon Park, kifungua mimba amebaki na ufunguo, sufuria ya wali na wadogo zake. Siwalaumu wazazi hao, kama nisivyomlaumu Ana. Kodi haisubiri. Lakini wajibu wa malezi hauishii kwenye kodi.

Sheria ya Ontario ya mwaka 2017 kuhusu watoto inamkataza anayemlea mtoto aliye chini ya miaka 16 kumwacha bila kumpangia uangalizi unaofaa kwa hali yake. Verónica mwenyewe angekuwa chini ya ulinzi huo. Anayeachiwa watoto naye bado ni wa kuangaliwa.

Kweli, kwetu Afrika Mashariki dada mkubwa amelea wadogo zake tangu zamani. Lakini hakulea peke yake. Bibi alikuwa ukumbini, shangazi mtaa wa pili, jirani akisikia kilio anaingia bila hodi. Na katika pwani yetu, msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima wa kumfunda na kumtunzia siri. Verónica anavunja ungo katikati ya hofu yake, na hakuna mwanamke anayemketisha. Anapomweleza mama yanayomtokea, haaminiwi. Mwishowe inadhihirika kwamba mkono uliokuwa ukiwadhuru wadogo zake ni wake mwenyewe, bila kujijua. Mtoto aliyeelemewa hivi huweza kuwaumiza hata anaowapenda.

Wapo miongoni mwetu watakaosema dawa ni dua, na mimi siidharau dua. Ila dua haimwondolei mzazi wajibu wa kuketi na mwanawe na kumsikiliza mpaka amalize.

Ugenini ukoo hauko karibu, kwa hiyo lazima tuujenge. Waismaili, ambao miongoni mwao wamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, tangu 2014 wana kituo chao Wynford Drive, mahali ambapo wazee na vijana wanakutana. Sisi wenye misikiti midogo, makanisa ya kukodi na vikundi vya akina mama tunaweza kuanza na kidogo: kila nyumba yenye mzazi wa zamu ya usiku ipewe mtu mzima mmoja, anayejulikana na kuaminika, ambaye watoto watampigia simu saa yoyote. Kila binti apate somo. Na mzazi, kabla hujamuuliza mwanao mkubwa kama wadogo zake wamekula, muulize yeye amelalaje, kisha umwamini atakachokujibu.