Huba ya Nani?

Mtoto anashukiwa kula udongo. Mama anamwinamia, anamkemea kwa kidole, kisha anamshika kidevu afumbue kinywa. Anachungulia. Macho yanamtoka: ndani ya kinywa kile kuna mbingu na nchi na vyote vilivyomo. Jukwaani, hata hivyo, hakuna mtoto. Yupo mwanamke mmoja, njuga miguuni, na kidevu alichokishika ni hewa.

Kisa hicho cha Yashoda na Krishna huchezwa katika Bharatanatyam, ngoma ya kale ya India Kusini. Mchezaji T. Balasaraswati wa Madras (1918–1984) alisifika mno kwa wimbo ambao mama humsihi Krishna aje upesi. Satyajit Ray alimpiga filamu mwaka 1976 akiucheza ufukweni, upepo ukivuta sari yake. Mstari mmoja huimbwa tena na tena, na kila unaporudi mchezaji huuzalia maana nyingine: anabembeleza, anatisha, ananuna. Mara anakuwa Krishna mwenyewe, bila kutoka wala kubadili nguo. Bega limeshuka kidogo, basi.

Sasa mapenzi yale ni ya nani? Yashoda ni wa hadithini. Mchezaji naye, miguu yake inafuata mapigo ya ngoma iitwayo mridangam na matuazi bila kukosea. Mama aliyechanganyikiwa kweli hahesabu mapigo. Labda ni yangu mimi mtazamaji? Lakini ningekuwa namlilia mwanangu, ningeinuka nikamtafute. Nimekaa kitini, machozi yananitoka, na nataka wimbo usiishe.

Abhinavagupta, mwanafikra wa Kashmir wa miaka elfu moja iliyopita, aliona kwamba sanaa huivua hisia mwenyewe wake, mahali pake na wakati wake, nasi tukaionja ikiwa haina anayeidai. Ladha hiyo ndiyo rasa. Mimi naongeza kwamba upweke wa mchezaji hurahisisha kazi hiyo. Mlete mtoto halisi jukwaani, na jicho litamng'ang'ania yeye: wa nani huyu, anaigiza vizuri? Pale penye hewa tupu, hakuna wa kumtwisha.

Ila watu hutafuta tu wa kumtwisha. Balasaraswati alitoka katika ukoo wa madevadasi, wanawake waliowekwa wakfu mahekaluni, ambao familia zao zilihifadhi ngoma hii na muziki wake. Bibi yake, Vina Dhanammal, alikuwa bingwa wa kupiga vina, ala ya nyuzi. Wanamageuzi walipiga vita desturi hiyo, na sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu. Wapo wasichana walioonewa, na kuwatetea ilikuwa haki. Tatizo ni kwamba aibu ilivuka kutoka kwenye desturi ikaingia kwenye nyimbo. Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha chuo cha sanaa cha Kalakshetra mwaka 1936, alitaka ibada itangulie na ashiki ipunguzwe. Balasaraswati alikataa: kwake sringara, rasa ya huba, ndiyo kuu kuliko zote, na haikuwa na uchafu wa kusafishwa.

Ugomvi huo husimuliwa kama ugomvi wa maadili au wa tabaka, na ni kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake naona pia kosa la kufikiri. Watu waliiona ashiki jukwaani, wakaidai mwenyewe, na mwili uliokuwa karibu ulikuwa wa mwanamke. Wakamhukumu kana kwamba ameungama.

Nyingi kati ya nyimbo hizo za ashiki, ambamo mwanamke anamngoja mpenzi, anamsuta kwa kulala kwa mwingine, kisha anamkaribisha vilevile, zilitungwa kwa Kitelugu na Kshetrayya katika karne ya 17. Kshetrayya alikuwa mwanamume. Huyo wamemwita mtakatifu, wala hakuna aliyemuuliza mpenzi aliyemngoja usiku kucha alikuwa nani.