Njia ya Sur

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya 12 nyumbani kwa mdogo wangu, Seeb, nje kidogo ya Muscat, nilikuwa bado sijapewa hata kisu cha kukatia kitunguu. Nikiinuka kutoa sahani, mtu ananinyang'anya. Mchana tumealikwa kwa mawifi zake, usiku mishkaki kwa binamu ambaye sikumtia machoni tangu tuko chuoni, na katikati yake kahawa na tende zisizo hesabu. Na kote huko ni Kiswahili kitupu, cha Mji Mkongwe na Ng'ambo kule Unguja, kilichohamia na watu baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango wenye asili ya Oman warudi. Nilipendwa. Hilo lieleweke mwanzo, maana yanayofuata mtu anaweza kuyasoma akaniona sina fadhila.

Usiku huo nikamwambia mdogo wangu kwamba kesho nitakodi gari niende mji wa Sur, peke yangu.

"Peke yako na nani?"

"Mimi tu."

Shemegi akazima televisheni, na nyumba ile televisheni huzimwa kwa msiba. Zikaanza suluhu: kijana wao atanipeleka, au ningoje Ijumaa twende sote, gari mbili, na nyama ya kuchoma. Mwisho mdogo wangu akasogea karibu, akanong'ona: "Dada, kuna kitu tumekukosea?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado ninalitafuta. Kwetu anayejitenga ama anaumwa ama amenuna. Hata maneno yenyewe hayanisaidii. Upweke ni wa majonzi. Faragha ni ya watu wenye siri. Ile hali ya mtu kukaa na nafsi yake kwa raha zake, akatoka hapo akiwapenda wenzake zaidi, ningeiitaje mbele ya shemegi? Nikasema nataka kuona bahari. Akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba bahari ipo mwisho wa mtaa.

Asubuhi nikakuta kapu kwenye kiti cha abiria: sambusa, katlesi, mkate wa kumimina mzima, chupa ya chai. Chakula cha watu sita. Nikaona bora nikifungie mkanda.

Oman huendesha kulia, usukani uko kushoto, na mimi miaka yote mikono yangu imezoea gari za Kijapani za kwetu. Kila nikitaka kuwasha indiketa, waipa zinafuta kioo kikavu. Kufika Quriyat mikono ikawa imetii. Kutoka hapo barabara ni pana, imeteremka baina ya milima ya Hajar na bahari, na bahari iko kushoto, upande wangu wa dereva, kana kwamba nimetengewa. Milima haina jani. Macho yaliyolelewa kwenye minazi na mikarafuu hushtuka kwanza, yakidhani kuna jambo limetokea hapa. Halafu yanaanza kuona jiwe lenyewe, tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kuchambua.

Hawiyat Najm nilishuka ngazi hadi chini. Ni shimo kubwa ardhini lenye maji ya kijani yaliyotulia. Wenyeji husimulia kwamba nyota ilianguka hapo. Ukweli ni kwamba jiwe la chokaa liliyeyushwa na maji chini kwa chini hata dari likaporomoka. Nilikaa, nikatia miguu, visamaki vikaja kuvidona vidole kimoja kimoja. Sikufikiri lolote la maana. Nilikula sambusa mbili. Bonde la Wadi Shab nililitazama kutoka kwenye vibanda vya boti tu, magoti yalishakataa.

Karibu na Qalhat niliegesha pembeni. Juu ya mteremko limesimama kaburi la Bibi Maryam, kijumba cha mawe cha pembe nne, masalia ya mji uliosafirisha farasi hadi Bara Hindi kabla Wareno hawajauvamia mwaka 1508. Tangu 2018 UNESCO imeuweka kwenye Urithi wa Dunia. Lakini mimi nilikuwa namfikiria Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alikuja huku kwa jahazi kutoka Dhofar. Walipotia nanga upande wa Sur akauona mji wa Qalhat chini ya mlima, akadhani uko karibu, na kwa kuwa alishawachoka wenzake wa chomboni, akashuka kwenda kwa miguu. Mtu aliyemkodi amwongoze akataka kumwibia, njia ikawa ndefu, na alipofika miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu hata akashindwa kusimama. Mkuu wa mji akamkalisha siku sita. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Karibu miaka 700 iliyopita, na kosa lake lilikuwa hilo hilo: kuchoka na watu.

Sur ndiko wanakounda majahazi hadi leo, na Fatah al-Khayr, lililoundwa hapo mwaka 1951, limewekwa nchi kavu kwa maonyesho. Nililizunguka nikipapasa mbao. Majahazi ya namna hii yalikuja Unguja na kaskazi, yakarudi na kusi. Baina ya pepo hizo mgeni alikuwa na miezi. Anaweza kulala mchana, kupotea sokoni, kugombana na mwenyeji na kupatana naye, na hapana anayehesabu. Upepo ukigeuka, anaondoka bila ya mtu kumwambia aondoke. Mimi nina tiketi ya siku 21 yenye saa na namba ya kiti. Ndiyo maana kila saa ninayokaa mbali na ndugu zangu inaonekana kama nimewaibia, na wao kila mlo wanaupika kama wa mwisho.

Simu nilikuwa nimeinyamazisha, nikaichimbia chini ya katlesi. Hapo ndipo nilipoitoa, nikiwa nimeshatayarisha uso wa mtu aliyepigiwa mara 20.

Hakuna aliyenipigia. Hata mmoja. Nikaudhika! Nilikunywa chai yangu imekuwa chungu.

Nilirudi baada ya Isha. Nyumba taa moja. Mdogo wangu akanifungulia na kanga kifuani, alama za mto zimechorwa shavuni. Alilala tangu Adhuhuri, alisema, na watoto walikula wali wa jana. Ndipo nikakumbuka kwamba amechukua likizo kazini kwa ajili yangu, na kwamba siku 12 zote alikuwa jikoni kabla ya Alfajiri. Akatoa ule mkate wa kumimina kapuni, ulivyo, haukuguswa, akaukata. Safari hii kisu alinipa mimi nimalizie.

Tulikula kimya. Halafu, akikusanya makombo kwa kidole, bila ya kunitazama, akaniuliza kama Nizwa nimeshawahi kuiona.