Ukweli wa Mfanyabiashara Mbele ya Kipaza Sauti

Mahojiano ya kwanza ya mwenye biashara na chombo cha habari yanazua suala la kimaadili kabla mtangazaji hajauliza lolote: je, mtu anayezungumzia mali yake mwenyewe anaweza kuaminika? Kila jibu lina faida au hasara kwake. Amealikwa kama shahidi wa kazi yake, na papo hapo yeye ndiye muuzaji wa kazi hiyo. Shahidi hutakiwa kusema yote anayoyajua. Muuzaji hana desturi hiyo. Kujiandaa kwa mahojiano ni kuamua mapema wapi muuzaji ampishe shahidi, maana studioni muda kati ya swali na jibu humtosha mtu kubabaika tu, haumtoshi kupima.

Wapo wanaoyatilia shaka maandalizi yenyewe, wakidhani neno la kweli ni lile linalotoka bila kupangwa. Shaka hiyo ni ya kale. Huko Athens, watu wenye kesi walinunua hotuba kutoka kwa waandishi kama Lysias, wakazikariri na kuzitoa mahakamani kana kwamba ni zao. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Alcidamas, mwalimu wa ufasaha, alizishambulia hotuba za namna hiyo: aliyekariri hawezi kuitikia jambo lililozuka sasa hivi. (Hoja hiyo, ajabu yake, aliiandika.) Miongoni mwa Wakristo hutajwa sura ya 10 ya Injili ya Mathayo, ambamo wanafunzi wanaambiwa wasihangaike watasema nini. Lakini agizo hilo walipewa watu watakaokamatwa na kufikishwa mbele ya watawala, wala si mtu aliyealikwa kueleza bei ya sabuni zake. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Musa, anayesimuliwa katika Biblia na katika Kurani pia. Alipotumwa kwa Firauni alikiri uzito wa ulimi wake, akapewa nduguye Haruni amsaidie. Hakuambiwa kwamba kutaka msaada wa kusema ni unafiki. Pwani ya Afrika Mashariki, dua yake ya kufunguliwa fundo la ulimi bado husomwa na watu wanaokaribia kusimama mbele ya hadhira.

Hata hivyo Alcidamas asipuuzwe. Kinachofaa kuandaliwa ni mambo yenyewe: biashara ilianza mwaka gani na kwa mtaji wa nani, imeajiri wangapi, malighafi inatoka wapi, malalamiko ya wateja hushughulikiwaje. Sentensi ziachwe zizaliwe palepale. Sentensi iliyokaririwa hujibu swali ambalo halikuulizwa, na msikilizaji hulinusa hilo upesi.

Suala la pili ni kujisifu. Kurani inakataza watu kujitakasa wenyewe katika sura ya 53, lakini katika sura ya 12 Yusufu anaomba akabidhiwe hazina za nchi na kujieleza kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliyaoanisha hayo kwa kuangalia kusudi: kutaja wema wako kwa majivuno ni jambo baya, ila kuutaja ili watu wakubali kauli yenye manufaa kwao, au ili kuondoa tuhuma, ni jambo zuri. Injili ya Mathayo nayo ina mvutano wa aina hiyo, kati ya nuru inayotakiwa iangaze mbele ya watu katika sura ya 5 na sadaka inayotakiwa itolewe sirini katika sura ya 6. Aristotle aliuweka ukweli kuhusu nafsi katikati ya majigambo na kujishusha, akaongeza kwamba anayejigamba ili apate fedha ni mbaya kuliko anayetafuta heshima tu. Mwenye biashara yumo katika kundi hilo la kwanza, apende asipende, hivyo kipimo chake hakina budi kuwa kikali zaidi.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ana kanuni inayofaa kabisa hapa. Kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwamo ni uongo na dhuluma. Kuisifu kwa sifa iliyomo ambayo mnunuzi anaiona mwenyewe ni maneno ya bure. Kinachobaki halali ni kueleza, bila kutia chumvi, sifa iliyomo ambayo asingeijua bila kuambiwa. Kwa kanuni hiyo, majibu mengi ya mahojiano yangepungua nusu. Tamko la “sisi ni wa kwanza nchini” huanguka mara moja, kwa kuwa ni nadra msemaji kuwa amewachunguza waliomtangulia. Maelezo ya jinsi mafuta ya nazi yanavyokamuliwa bila kuchemshwa hubaki, kwa kuwa msikilizaji hakuwa na njia ya kuyajua.

Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Cicero wa Roma, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza habari ya mfanyabiashara mwema anayefikisha nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Mwanafalsafa Diogenes wa Babiloni alisema kutosema si sawa na kuficha: muuzaji ataje kasoro zinazotakiwa na sheria, asidanganye, kisha auze kwa bei anayoipata. Mwanafunzi wake Antipater alimpinga, akisema binadamu wana udugu unaomlazimu mtu asimnyime mwenzake habari anayoihitaji. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Kuficha, kwake, ni kutaka watu wasijue jambo unalolijua, ambalo lina manufaa kwao, kwa sababu ya faida yako. Hadithi ya Mtume Muhammad sokoni, iliyopokewa na Imamu Muslim, inashika njia hiyohiyo: alitia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikalowa, akamuuliza mwenyewe mbona hakuiweka sehemu iliyonyeshewa juu, watu waione.

Lakini mahojiano si mauzo, na hapo Diogenes anarudi na nguvu kidogo. Msikilizaji wa redio hanunui wakati huo, na hana haki ya kujua kila kitu. Mwanafalsafa Kant naye alitofautisha kujizuia kusema na kusema uongo. Jina la mgavi, kanuni ya kuchanganya viungo, kodi ya pango na ugomvi wa kifamilia uliomfanya ndugu mmoja ajitoe katika kampuni vinaweza kubaki vilipo. Jibu la “hilo sitalizungumzia” ni la kweli na halimdhuru mtu. Mpaka uko pale ambapo msikilizaji ataamua jambo kwa kutegemea ukimya huo. Anayekaribisha wawekezaji hewani huku akijua biashara imelemewa na madeni, au anayesifu juisi ambayo chupa zake zimeanza kurudishwa na wauza duka, yuko Rhodes na anazijua meli zinazokuja.

Kati ya uongo na ukimya kuna kauli yenye nyuso mbili, ambayo kila neno lake ni sahihi na maana inayopokelewa ni ya uongo. Baadhi ya wanateolojia wa Kikatoliki waliwahi kuitetea, wakiruhusu msemaji akamilishe sentensi moyoni mwake. Papa Innocent XI alizilaani kauli zao mwaka 1679. Biashara imeihifadhi vizuri. “Tunahudumia Afrika Mashariki” husemwa na aliyewahi kutuma kifurushi kimoja Kampala. “Tuko na TBS” husemwa na ambaye ombi lake la nembo ya Shirika la Viwango Tanzania bado liko mezani. Njia ya kujipima ni kumsomea jibu hilo mtu asiyeijua biashara, kisha kumuuliza amelielewaje. Akielewa jambo lisilokuwapo, jibu libadilishwe hata kama halina neno la uongo.

Siri za wengine zina hukumu yake. Kisa cha mfanyakazi aliyeokotwa katika dhiki akapewa kazi huvutia watangazaji, lakini ni mali ya mfanyakazi huyo, naye aombwe ruhusa kabla ya siku ya mahojiano, kwa namna inayomwachia nafasi ya kukataa. Mshahara wake unategemea anayemwomba, kwa hiyo ridhaa ya haraka haitoshi.

Jambo la mwisho ni uhariri. Mazungumzo marefu yanaweza kukatwa yakabaki sentensi mbili, na kilichochujwa hakimlindi msemaji. Kwa hiyo sharti la jambo likae ndani ya sentensi ileile yenye dai: “faida ilipanda mwaka jana kwa sababu tulifunga tawi moja” ni salama kuliko sentensi mbili zinazoweza kutenganishwa. Akigundua baadaye kwamba alitaja idadi isiyo sahihi, hawajibiki kwa mkasi wa mhariri, bali anawajibika kwa idadi hiyo: aipigie simu studio kabla ya kurushwa hewani, na ikiwa kipindi kilikuwa cha moja kwa moja, aombe masahihisho na kuyabandika dukani kwake, mahali wateja wanapoyaona.